Simba Amehamia Kibosho

Nilipopata uhamisho wa kikazi kwenda Dar es Salaam, ambako mwenye nyumba wangu mpya hataki mbwa, niliweka tangazo la Simba mtandaoni nikiwa bado naishi Pasua, hapa Moshi. Kosa langu lilikuwa kuandika neno "bure", kwa maana kabla ya jioni simu zilikuwa zimefurika, na wengi hawakuuliza hata umri wake. Mmoja alitaka kujua tu kama ni mkali. Nililifuta, nikaandika jingine lenye bei ndogo, nikitaja kwamba anaogopa radi na kwamba amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishajitokeza karibu kila mara huua.

Safari hii walipiga watu watatu. Nilimchagua mama mmoja wa Kibosho, ambaye kabla ya yote aliuliza mbwa anakula nini (ugali na dagaa, nilimjibu, na viatu akiachiwa). Nilikwenda kwanza kuliona banda: liko kando ya migomba, limeezekwa bati, wala halina mnyororo. Jumamosi nilimkabidhi kadi ya chanjo na blanketi kuukuu, ambalo Simba alilinusa mara mbili, kisha akalilalia.