Tarehe 29 Februari ilitoka wapi?

Mtoto akiuliza kwa nini Februari mara nyingine ina siku 29, anzeni na jua. Dunia hulizunguka kwa siku 365, saa 5, dakika 48 na sekunde kama 46. Hizo saa karibu sita hazina pa kukaa kwenye kalenda. Ziweke kiporo miaka minne, zinakaribia saa 24. Ndiyo siku inayobandikwa Februari.

Aliyeanzisha kanuni hii Roma ni mtawala wake, Julius Caesar, kuanzia mwaka 45 KK. Makuhani waliosimamia kalenda wakaivuruga: walipoambiwa "kila mwaka wa nne" walihesabu na ule wa kuanzia, ikawa kila baada ya mitatu! Baadaye Kaisari Augustus, aliyetawala baada yake, alisimamisha nyongeza kwa muda hadi hesabu ikae sawa.

Bado dosari ilibaki. Kanuni ya Caesar huhesabu ziada ya saa sita kamili, nazo zinazidi ukweli kwa dakika 11 na ushei kila mwaka. Ndani ya miaka 128 hivi, siku nzima imepotea. Kufikia 1582, siku ya Machi ambayo mchana na usiku hulingana ilikuwa imerudi nyuma kama siku 10. Papa Gregory XIII akazifuta: Alhamisi ilikuwa 4 Oktoba, kesho yake Ijumaa ikawa 15. (Wenye sherehe tarehe 10, poleni.)

Sasa mpe mtoto kalamu, ajaribu kanuni ya Gregory iliyorekebisha dosari hiyo. Mwaka ukigawanyika kwa 4 bila baki, ni mwaka mrefu. Ila ukiishia na sifuri mbili, gawanya kwa 400. 2000 unapita, 1900 unakwama, na 2100 vilevile. Hapo hata watu wazima huteleza.