Baiskeli iliyotupwa: niifufue au niiache ijifie?

Iko nje imeegemea ukuta, wiki ya tatu sasa. Asubuhi nikitoka naiangalia, jioni nikirudi naiangalia, na mke wangu naye ananiangalia mimi ninavyoiangalia. Hajasema kitu, yaani amesema mara moja tu na nitafika hapo.

Niliikuta juu ya rundo la vyuma chakavu nje ya geti la mzee mmoja, imelala kichwa chini, tairi la mbele hamna, limebaki rimu tupu. Nikabisha hodi, shikamoo mzee, samahani, hii baiskeli ndo mnaitupa kweli? Marahaba, chukua tu mwanangu, ila sharti moja, usije ukanirudishia. Mimi nikacheka, yeye wala hakucheka.

Na jamani ulizeni. Baiskeli kuonekana imetupwa haimaanishi haina mwenyewe, nyingine zimeibwa, zikang'olewa vya kung'oleka, mabaki yakaachwa pembeni ya njia. Nyingi zina namba imegongwa chini kabisa pale mikono ya pedali inapopita, au kwenye ungio la chini ya siti, ipige picha hiyo namba kabla hujashika spana.

Haya, ni baiskeli gani sasa. Ni lile jibaiskeli refu jeusi, breki za vyuma, zile ambazo badala ya waya kuna fimbo zinashuka toka kwenye usukani mpaka kwenye rimu, madigadi yote mawili yapo ila la nyuma limekunjika, karia imeoza. Nembo ya shingoni imeng'olewa yamebaki matundu mawili. Lakini gia ya mbele nikaifuta na kitambaa nikaona vichwa vya ndege mwenye mdomo mrefu vimekatwa ndani ya chuma, hiyo ni alama ya Raleigh, kampuni ya baiskeli ya Uingereza, ingawa gia mtu yeyote anaweza kuwa alihamisha kutoka baiskeli nyingine. Halafu nikaenda kwenye habu ya nyuma, ile sehemu nene ya katikati ya gurudumu, ambayo kwenye hii gia zake ziko ndani. Grisi na vumbi vimegandana mpaka vimekuwa kama lami, nimekwangua kwa kijiti taratibu, herufi zikaanza kutoka moja moja: Sturmey-Archer, ndo watengenezaji wa habu, kisha AW, jina la aina yake, kisha 68, na pembeni 4. Hawa jamaa walikuwa wanagonga mwaka na mwezi kwenye habu zao, kwa hiyo hiyo habu imetoka kiwandani Aprili 1968. Aisee nilikaa chini kabisa, nimeishika kama nimeokota pete.

Na hapo ndo nilipojua nimeshaingia kwenye mtego, maana nilishawahi kuingia.

Baiskeli ya kwanza niliyofufua, miaka ile, nilianza na rangi. Najua, najua. Nilikwangua msasa wiki mbili, nikapiga praima, nikapiga sprei mara tatu, ikang'aa ile mbaya, nikaipiga picha kama bibi harusi. Alafu ndo nikafunga magurudumu. Siku ya kwanza naipanda inavuta kushoto, nikadhani usukani, nikarekebisha, bado inavuta, nikadhani gurudumu, nikarekebisha, bado. Nikaja kuinama siku moja nikapapasa kwa kidole chini ya lile bomba linaloshuka kutoka shingoni, nikakuta mkunjo mdogo kama mawimbi hivi. Ilishawahi kugongwa uso kwa uso na kitu, fremu ilikunjika, na mimi nimeipamba vizuri kabisa juu ya ulemavu wake. Kwenye hiyo hiyo baiskeli nilinunua tairi lenye maandishi 28 nikijua 28 ni 28, kumbe wapi. Kuna 28 ya rimu yenye kipenyo cha milimita 622 na kuna 28 ya hizi baiskeli nzee, 28 x 1 1/2, ambayo ni 635. Milimita 13 tu lakini nilisukuma na vijiko vya kufungia tairi mpaka kidole gumba kikachubuka na halikuingia, na lisingeingia mpaka kiama. Siku hizi naangalia ile namba ndogo ubavuni mwa tairi, 40-635, yaani upana na kipenyo cha rimu, hayo mengine ni mapambo.

Kwa hiyo safari hii nimejiwekea sheria, hakuna kugusa rangi, hakuna kununua hata nati moja mpaka niwe nimeamua, na kutu ya juu juu haihesabiki. Nasema hivi kwa sababu watu wengi wanaangalia kutu kwanza wanakata tamaa, au wanaangalia rangi kwanza wanapenda, na vyote viwili vinadanganya. Kutu ya kwenye kromu unaisugua na karatasi ya alumini iliyolowana maji inatoka yenyewe, sio uchawi, jaribu. Kutu ya kuogopa ni ile ya ndani ya bomba ambayo huioni. Nilichofanya ni kugongagonga fremu yote na mpini wa bisibisi nikisikiliza, chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kopo. Imelia yote, isipokuwa karia lakini karia sio fremu.

Mkunjo wa chini ya shingo, hamna. Nimepapasa mara tatu, macho yamefumbwa. Maungio yote sijaona ufa. Alafu nikafanya kile kipimo cha uzi: unafunga uzi kwenye sikio moja la nyuma pale ekseli inapokaa, unaupeleka mbele unauzungusha shingoni, unaurudisha kwenye sikio la pili, ukakaza. Kisha unapima kutoka uzi mpaka bomba la siti, kulia na kushoto. Zikilingana fremu imenyooka. Yangu imetofautiana milimita 3. Sio sifuri lakini hii ni chuma, chuma unaweza kukirudisha kwa nguvu na akili, ingekuwa alumini ningesema kwaheri mapema kwa sababu alumini ukiikunja tena umeichosha, siku moja itakatika na wewe uko juu.

Fremu imepita basi. Ugonjwa uko kwenye siti.

Bomba la siti limeshushwa mpaka mwisho na limegandia humo. Mpandaji wa mwisho bila shaka alikuwa mtoto, mimi nikikaa magoti yananigusa usukani, naonekana kama mtu mzima aliyepanda toi. Kila usiku naweka oili ya kulegeza kutu pale juu, nageuza baiskeli chini juu, nachomoa zile sehemu za katikati, mikono ya pedali na ekseli yake, natia na kwa ndani, kesho yake nashika siti kama usukani nazungusha. Haitikisiki. Nimemwagia maji ya moto. Nimegonga. Nimeisema maneno ambayo siwezi kuandika. Afadhali hili ni chuma ndani ya chuma, kutu tu ya kawaida, lingekuwa bomba la alumini ndani ya fremu ya chuma hapo ndo huwa vinakulana vinakuwa kitu kimoja na watu huishia kulikata kwa msumeno vipande vipande kutokea ndani. Siti isipotoka hii baiskeli haina mpandaji, na mimi siwezi kutengeneza baiskeli ya kuangalia.

Nimesema nachomoa sehemu za katikati kana kwamba ni kitu rahisi, hapana. Mikono ya pedali za zamani imeshikwa na kotapini, kile kijimsumari kilichokatwa ubapa upande mmoja. Makosa yangu ya zamani ilikuwa kutoa nati yote alafu kupiga nyundo, nyuzi zinabondeka zinakuwa uyoga na haitoki tena mpaka utoboe na drili. Sasa hivi nalegeza nati mpaka ilingane na ncha ya pini, nakita kipande cha bomba la chuma chini ya mkono wa pedali ili kishikilie hadi sakafuni, pini iwe huru kushuka ndani yake, alafu napiga pigo moja. Moja la maana, sio kumi ya kubembeleza. Ya kulia ilitoka hivyo hivyo, tak, ya kushoto imekufa ila pini ni kitu kidogo, mradi upime unene kabla ya kununua kwa sababu kuna za 9.5 na kuna za 9 na hazisikilizani.

Ndani, pale ekseli ya pedali inapozunguka, gololi zimeliwa zote, zimeota vidoa, lakini gololi ni za kubadilisha tu, robo inchi, 11 kila upande. Vikombe vyake sasa, vile vinavyokalia gololi na kufungwa kwa nyuzi kwenye fremu, ndo vinatisha. Kama hii ni Raleigh kweli basi nyuzi zake ni 26 kwa inchi wakati baiskeli nyingi za kawaida ni 24, kikombe cha kawaida hakitaingia na ukikilazimisha umeharibu fremu nzima. Nimeosha vikombe kwa mafuta ya taa nikavipitisha kucha ndani. Vina njia ya gololi imeng'aa lakini kucha haikwami. Vitaendelea.

Cheni nimepima na rula, katikati ya pini mpaka katikati ya pini ya 24 kutoka hapo iwe inchi 12 kamili. Ikizidi sehemu moja ya 16 ya inchi badilisha cheni, ikizidi moja ya nane hata meno yameshaliwa. Yangu imezidi mpaka nikadhani nimehesabu vibaya. Poa, cheni mpya na kile kigia kidogo cha nyuma, ambacho kwenye hizi habu kinashikwa na ringi ya waya tu, unakibinua na bisibisi.

Na habu yenyewe jamani. Pale juu ina kitundu kidogo chenye kifuniko, cha kutilia oili. Nikatia matone kama kumi ya oili nyepesi, nikaiacha usiku kucha, asubuhi nikazungusha gurudumu kwa mkono. Kwanza kimya. Alafu tik. Alafu tik, tik, tik tik tik tik. Imekaa bila kazi sijui miaka mingapi na bado inahesabu. Gia tatu, ya kati inaenda sawasawa na kigia chake, ya chini inapunguza robo, ya juu inaongeza theluthi. Ubaya wake mmoja muujue, waya ukilegea kuna sehemu kati ya gia ya pili na ya tatu ambapo haishiki chochote, ukiwa umesimama unakanyaga kwa nguvu pedali zinaenda bure na wewe unaenda kukalia fremu. Sitaeleza zaidi.

Sasa mke wangu. Alikuja akasimama mlangoni, mimi niko chini na tochi mdomoni, akauliza, "Kwani ikipona utaipanda?" Basi. Akaondoka.

Hilo swali limenikalia vibaya kwa sababu nilikuwa najiuliza inafaa kutengenezwa au haifai, spea zinapatikana au hazipatikani, na hayo yote yana majibu, unapima na rula unapata. Lakini hii baiskeli ina uzito wa karibu kilo 20. Breki zake zinabana rimu ya kromu, na kromu ikilowa maji breki zinakuwa ni ushauri tu, unashika leo unasimama kesho. Milima hapana. Mimi safari zangu nyingi ni za karibu, tambarare, na mzigo kidogo, yaani kama kuna mtu hii baiskeli ilitengenezwa kwa ajili yake ni mimi, ila pia nina baiskeli nyingine ambayo inafanya kazi na haijawahi kunichubua kidole. Na nikipiga hesabu ya tairi mbili, tyubu mbili, cheni, pini, gololi, raba za breki, waya wa gia, napata baiskeli iliyotumika nzima kabisa ya mtu ambaye hataki matatizo. Kihesabu inanikataa. Ningeweza pia kuchukua habu tu, nikaijengea gurudumu nikaiweka kwenye baiskeli yangu, zinazobaki zirudi kwenye vyuma, wala sio dhambi, fremu nyingi zimeishi hivyo kwa vipande.

Ila nimegundua kitu kimoja, nilikuwa naweka kwenye hesabu vitu ambavyo baiskeli haijaomba. Rangi mpya, kromu mpya, nembo mpya, siti ya ngozi. Nikivitoa vyote hivyo, nikaacha weusi wake ulivyo na mikwaruzo yake (na tena rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, kuzikwangua msasa mkavu bila barakoa ni kuyavuta kifuani), kinachobaki ni kuifanya itembee na isimame. Kutembea na kusimama naweza. Inabaki siti tu.

Jana usiku sikuwa hata na mpango. Nimetoka kufunga geti, nikapita karibu nikaishika siti kama ninavyoishika kila siku, mkono mmoja mbele mmoja nyuma, nikavuta bila matumaini yoyote. Ikalia kreeek. Nikaganda. Nikavuta tena, imezunguka kama upana wa ukucha, na pale kwenye shingo ya bomba ukatoka uji wa kahawia, kutu na oili ya wiki tatu, ukanichuruzikia mpaka kwenye kiwiko. Nikarudisha kushoto. Nikavuta kulia. Ukucha na nusu.

Nimeingia ndani mkono mmoja juu ili nisichafue, mke wangu akaangalia ule mkono, akaangalia uso wangu, akasema, "Haya, usiguse pazia."

Leo asubuhi nimeagiza tairi mbili. 40-635, nimeisoma ile namba mara nne.