Tupime wapi? Modeli ya bahari kabla ya kushusha nanga

Anayetaka kuweka vihisi joto na vipima-mkondo katika Mlango wa Unguja huvutwa kwanza na gati, kwa kuwa pana umeme, walinzi na njia fupi ya kwenda kusafisha kifaa kilichoota koga na chaza. Faida hizo ni za kweli, lakini nashikilia kwamba modeli ya kompyuta ndiyo ianze kusema wapi tupime, ndipo tuzungumzie urahisi.

Modeli huigawa bahari katika miraba na matabaka, kisha hulishwa pepo za kusi na kaskazi, kupwa na kujaa kwa maji, umbo la sakafu ya bahari, na Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki unaoelekea kaskazini. Ikiendeshwa kwa miaka kadhaa, kila mraba hupata historia yake ya joto na mwendo wa maji. Basi chagua mraba mmoja, utazame ni eneo gani ambalo joto na mwendo wa maji yake hupanda na kushuka pamoja nao: likiwa kubwa, kifaa kimoja kitalisemea lote, na cha pili kiende kule ambako cha kwanza hakielezi kitu. Mlango wa Unguja, wenye kina cha makumi ya mita tu, hauwezi kuusemea Mlango wa Pemba, ambao kina chake hufika mamia ya mita. Tena hesabu hiyo ifanywe kwa misimu yote miwili, kwa sababu wakati wa kaskazi mkondo hulegea, na mahali palipofaa wakati wa kusi huenda pasifae tena.

Jaribio ninaloliamini zaidi ni la kuifanya modeli moja iwe ndiyo bahari yenyewe. Tunachota humo vipimo vya mahali tulipopakusudia, tunavitia makosa ya kadiri ya kifaa halisi, kisha tunailisha modeli ya pili na kuona kama inaisogelea ile ya kwanza. Modeli hizo sharti zitofautiane kweli, ama sivyo zitashiriki makosa yale yale na matokeo yatapendeza kupita kiasi.

Karibu na miamba, hata hivyo, modeli huishiwa nguvu. Kwenye miraba ya kilomita 4, kisiwa cha Chumbe, ambacho urefu wake haufiki kilomita 2, hutoweka kabisa, na maji yanapita juu yake kana kwamba hapana kitu. Kupunguza ukubwa wa miraba bila kupima kina upya hakusaidii sana. Hapo aulizwe nahodha anayejua maji ya bamvua yanapita wapi kwa nguvu na wavuvi wanatandaza wapi nyavu zao.

Napendelea pia nanga zinazoweza kung'olewa, kwa sababu vipimo vya mwaka wa kwanza vitairekebisha modeli, na modeli iliyorekebishwa huenda ikataka kifaa kimoja kihamishwe.