Lalita Pawar, mavyaa wa picha za Kihindi

Hapa Mombasa, waliokulia kwenye picha za Kihindi huenda jina lake hawalijui, ila jicho lake wanalijua. Lile la kushoto, lililofinyika, likimkazia mkaza mwana asiye na kosa.

Lalita alizaliwa 1916, akaanza kuigiza utotoni, enzi za filamu bubu, akawa nyota. Mwaka 1942, wakirekodi onyesho, mwenzake Bhagwan alimzaba kofi la kweli kweli. Mshipa wa jicho ukaharibika, uso ukapooza upande mmoja. Matibabu yalichukua kama miaka 3. Nafasi za kipusa zikaisha. Zikaja za mavyaa mkali, na hizo hakuna aliyemshinda.

Lakini kumfunga kwenye ukali ni kumdhulumu. Katika Shree 420 (1955) ni muuza ndizi mwenye huruma. Anari (1959) ndiyo iliyompa tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi: mama mwenye nyumba anayemfokea mpangaji wake, Raj Kapoor, na huku anampenda kama mwanawe. Mtazame vizuri pale: mdomo unagomba, macho yanabembeleza.

Mwaka 1987 akawa Manthara, yule mjakazi mchochezi, katika Ramayan ya televisheni, tamthilia ya utenzi wa kale wa Kihindu. Alifariki 1998, mjini Pune.