"Andika alianguka": siku yangu moja kwenye meza ya OB

Jina langu na la kituo changu sitayaandika, bado nauhitaji mshahara. Itoshe kwamba mimi ni koplo, mwanamke, mwaka wa kumi na mmoja katika polisi ya Kenya. Nikimwambia mtu kwamba huwafundisha wenzangu matumizi ya nguvu, ananiona na bunduki begani nikilenga shabaha. Shabaha niliiacha Kiganjo, chuo cha polisi. Silaha yangu ya kila siku ni biro ya bluu ya kujazia OB, kitabu cha matukio cha kituo, tena huibwa.

Saa kumi na nusu alfajiri. Chai, viatu, matatu. Hapo hakuna hadithi.

Saa kumi na mbili. Makabidhiano. Nahesabu mahabusu kwa majina, si kwa vichwa: tisa. Mmoja analia tumbo, namwandika. Natia sahihi, mwenzangu wa usiku anatoroka kabla sijamaliza kumuuliza kuhusu ufunguo wa choo.

Saa moja. Lekcha. Alhamisi ni yangu: dakika kumi na tano, askari ishirini na wawili uwanjani, nusu yao wametoka doria ya usiku na wanasinzia wamesimama kama punda. Nikianza na kifungu cha sheria nimewapoteza. Kwa hivyo huanza na rungu. Naliinua. "Mtu amekaa katikati ya barabara. Hajatukana, hajarusha jiwe, hataki tu kuinuka. Rungu?"

"Kidogo tu, afande," mmoja anajibu nyuma, wenzake wanacheka.

Hiyo "kidogo tu" ndiyo adui yangu. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 halina kidogo tu. Linasema uanze na njia zisizo za nguvu. Zikishindikana, nguvu ilingane na unachotaka kupata, na uzito wa kosa, na jinsi mtu anavyokupinga. Bunduki ina masharti yake peke yake: utoe ilani, umpe mtu nafasi ya kuisikia, isipokuwa kungoja kutahatarisha maisha. Nawakumbusha kwamba sheria hii haikuandikwa na watu waliokosa kazi. Tume ya Waki ilipohesabu waliokufa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, watu 1,133, iliona 405 waliuawa kwa risasi. Hapo huwa kimya. Baadhi yao wakati huo walikuwa shule ya msingi.

Mwisho ni ukaguzi wa vibandiko vya majina. Konstebo mmoja, nitamwita Kijana, hana chake kifuani. Pini imekatika, anasema. Natoa pini kwenye mkoba wangu, namfungia jina lake mwenyewe kama mtoto wa nasari. Sheria inataka jina au namba ionekane wazi ukiwa ndani ya sare. Wenzake wanaguna. Najua nyuma ya mgongo wangu wananiita IPOA, kwa ile mamlaka inayochunguza polisi. Nimeshaitwa jina baya zaidi.

Saa mbili hadi saa nne. Abstrakti, hati za polisi, za vitambulisho vilivyopotea, kumi na moja, na mzee aliyekuja kumshtaki jirani kwa sababu ya mwembe.

Saa nne na robo. Land Cruiser inaingia kwa kishindo. Nyuma kuna pikipiki, na pembeni yake kijana wa boda amejikunyata, pingu mikononi. Kifundo cha mkono wa kushoto kimevimba kama andazi, na pingu imeuma mle ndani ya uvimbe. Kabla ya jina, kabla ya kosa, nikasema pingu itolewe. Ufunguo ukatafutwa mifuko minne.

"Nini kimetokea?"

"Alianguka, afande," Kijana akajibu.

"Kutoka wapi?"

"Kwa pikipiki."

Nikaiangalia pikipiki. Kioo kizima, mpini umenyooka, rangi haina mkwaruzo. Nikamwangalia yule wa boda. Akaangalia sakafu.

Sajini aliyeongoza doria ni mtu mzima, amebakiza miaka michache astaafu, na si mtu mbaya. Aliniletea maziwa nilipojifungua. Akainama juu ya meza, akasema polepole, "Koplo, andika alianguka, tusonge. Kwani ni wa kwanza?"

Sajini ni mkubwa wangu, na akikuambia andika, mkono huanza kuandika wenyewe. Lakini jedwali lile lile linasema kufuata amri ya mkubwa si kinga kwa nguvu iliyovunja sheria. Nikamgeuzia kitabu. "Sajini, kwa heshima, iandike wewe hiyo, kwa mkono wako, uweke sahihi."

Aliangalia kitabu, akaangalia simu, akakumbuka ana shahidi kortini.

Kijana akabaki. Sikumfokea, nilimpa kisa cha kituo cha polisi cha Ruaraka, Nairobi. Mahabusu alipigwa kituoni mwaka 2013 akafa. Aliyeshtakiwa mwanzoni alikuwa mahabusu mwenzake. Uchunguzi wa IPOA ukaligeuza jambo, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikamhukumu kifo aliyekuwa mkuu wa kituo. Nikamwambia: mkubwa mzima alidhani hadithi ya kubuni itamficha, wewe una miaka miwili kazini.

Basi hospitali. Askari waliopo wakati mtu anaumia kwa nguvu yao lazima wamtafutie matibabu mara moja. Asiyefanya hivyo bila sababu nzuri ametenda jinai. Karatasi haisemi mtafika kwa usafiri gani. Gari letu lilikuwa limekwenda na mahabusu wa korti. Nikaomba ruhusa, nikamwachia meza mwenzangu, nikakodi tuktuk: mimi, Kijana, na mwenye mkono. Shilingi mia tatu, za mfukoni mwangu, hakuna fomu ya kuzirudisha. Njiani kila shimo lilimtoa yule wa boda sauti ndogo puani, na kila sauti Kijana aligeuka kutazama nje.

Foleni. Saa sita. Mwenye eksirei amekwenda chakula. Saa saba. Amerudi, umeme umekwenda. Nilinunua mandazi matatu na chai, tukala watatu kwenye benchi moja bila kuzungumza. Niliomba namba ya mama yake nikampigia, kwa sababu jamaa lazima waarifiwe, na kwa sababu mimi pia ni mama. Alikuja na leso kiunoni na mikono yenye unga.

"Nani amempiga mwanangu?"

Kijana alikuwa amesimama hatua mbili. Jina lake liko kifuani, kwenye pini yangu. Mama alilisoma kwa sauti, majina yote mawili, kisha akakaa kando ya mwanawe na hakusema lingine hadi jioni. Ningependa angetupigia kelele.

Sijui saa ngapi picha ilitoka. Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa kuta. Kulikuwa na ufa mwembamba kwenye mfupa, kama uzi juu ya karatasi nyeusi. Nikampa mama fomu ya P3, ile ya polisi ya kurekodi majeraha, nikamweleza nani anaijaza na airudishe wapi. Akaikunja mara nne, akaitia kifuani.

Kituoni, mkuu wetu alisoma cheti cha daktari akiwa amesimama. Nguvu ya polisi ikileta kifo au jeraha baya, ni yeye anayepaswa kuiarifu IPOA, tena bila kuchelewa. Akaniuliza kama ufa ni jeraha baya. Nikamwambia, afande, mfupa umevunjika, atafanyaje kazi ya boda kwa mkono mmoja? Akavua miwani, akajipangusa uso kwa kitambaa. Akaomba barua ichapwe. Miguu yangu ilikuwa imejaa hadi buti zikakataa kulegea.

Halafu ripoti ya Kijana mwenyewe, maana kila anayetumia nguvu lazima aeleze kwa mkubwa wake ilikuwaje na kwa nini. Alikaa mbele yangu na karatasi tupu muda ambao ningeweza kupika ugali.

"Alikuwa ameshika nini?" nikamsaidia.

"Ufunguo wa pikipiki."

"Wewe ulitaka nini?"

"Ufunguo."

"Mlikuwa wangapi?"

"Watatu." Akanyamaza. Nje mtu alikuwa anafagia. "Hakuwa ananipiga, afande. Alikuwa amekaza tu ngumi. Watu walikuwa wanachukua video, wanacheka."

Ningetamani wale wanaotunga sheria, na wale wanaonipa dakika kumi na tano kwa wiki, wangeisikia hiyo sentensi. Hatukupewa somo la kuchekwa. Kule chuoni tulipiga kwata mpaka nyayo zikaota sugu, tukafungua bunduki na kuifunga gizani. Hakuna aliyetusimamisha katikati ya umati unaocheka, ufunguo uko kwenye ngumi ya mtu, tukaambiwa: sasa ongea.

Akaandika. "Nilimpiga na rungu mara moja." Nikalitazama neno hilo. Kwenye ule mkono kulikuwa na alama mbili, moja kifundoni, moja juu kidogo ambayo wote tuliiona kwenye mwanga wa chumba cha eksirei. Sikusema kitu. Nilimwachia biro yangu.

Akakata "moja" kwa mstari mmoja, akaandika "mbili" juu yake, akaweka herufi za jina lake pembeni ya sahihisho.

Nikainakili ripoti yake kwenye OB, saa tatu na dakika kumi usiku. Aliyepokea zamu aliniuliza ufunguo wa choo uko wapi.

Kwenye matatu nilivaa sweta juu ya sare. Konda alikuwa akimsimulia dereva jinsi polisi wa raundabauti walivyomla mia mbili asubuhi, akanyoosha mkono kwangu huku akiendelea kusimulia. Nikampa hamsini. Akaniambia, "Mama, songa kidogo," nikasonga, nikafumba macho.