Nilisoma herufi moja kati ya 34

Mwezi uliopita aliingia kibandani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, barabara ya nane, mwalimu mstaafu aliyenifundisha hesabu darasa la tano. Kabla sijamaliza kumwamkia kashaiweka simu mezani. "Mwanangu, betri haifiki adhuhuri. Nitilie mpya."

Betri ilikuwa nzima. Kilichokuwa kikiimaliza ni programu yenye sarafu ya dhahabu inayozunguka. Faili lake alitumiwa kwenye kundi la WhatsApp la wanakikoba wenzake. Eti inamchimbia Bitcoin, ile sarafu ya kidijitali, hata akilala. Salio: shilingi milioni 6 na ushei. Kila akitaka kutoa, aambiwa alipe kwanza laki na ishirini za kodi.

Nikamweleza taratibu. Bitcoin huchimbwa na mashine maalumu zinazojaza maghala, dunia nzima ikigombea fungu moja kila dakika 10 hivi, na tangu Aprili 2024 fungu lenyewe ni Bitcoin 3.125. Simu ya laki mbili haimo kwenye ugomvi huo. Ile milioni 6 ni maandishi tu. Nipe nusu saa nami nikuandikie bilioni.

"Na kodi je? Si ya serikali?"

"Kodi ipo, mwalimu. Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka asilimia 3 kwenye mauzo ya mali za kidijitali, lakini ni kodi ya zuio, hukatwa humo humo kabla hujapokea. Huyu kama ana milioni 6 zako, anashindwaje kukata laki?"

Hesabu hiyo hakuhitaji kalamu. Akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba elfu 40 za "kufungua akaunti" alishalipa.

Sikumcheka. Mimi fundi niliibiwa kijinga zaidi.

Mwaka 2022 nilihitaji programu ya kuflashi simu, yaani kuiwekea mfumo upya. Halali inauzwa, nami nikapakua iliyokrakiwa, ile iliyovunjwa kufuli itumike bure. Sharti lake la kwanza: zima antivirasi. Nikazima! Sisi mafundi tumeshazoea, zote za namna ile husema hivyo. Wiki mbili baadaye namlipa muuza vioo vya simu USDT 70 (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola) kwa mtandao wa Tron, mojawapo ya njia zinazoipitisha. Nikanakili anwani yake, ile namba ya kupokelea, nikabandika, nikatuma. Hakupata kitu. Kuja kutazama, niliyobandika siyo niliyonakili. Kirusi kilijibanza kwenye kompyuta kikingoja ninakili kitu chenye sura ya anwani, kikapachika ya mwizi. Na niliikagua, wallahi. Niliona inaanza na T. Anwani zote za Tron huanza na T! Zina herufi na tarakimu 34, nami nikasoma moja.

Ukikosea namba kwenye pesa za simu, walau unaweza kuwahi kupiga huduma kwa wateja. Huku muamala ukishathibitishwa, umekwenda, na hakuna wa kumpigia.

Tangu hapo nasoma mwanzo, katikati na mwisho, maana wapo wanaotengeneza anwani zinazofanana kichwa na mkia. Kiasi kikubwa natanguliza kidogo, nangoja jibu, ndiyo natuma kilichobaki. Pochi, yaani programu ya kutunzia sarafu hizi, naipakua kwa kuanzia tovuti ya walioitengeneza, si tangazo, si faili la kwenye kundi. Programu ikiomba ruhusa ya ufikivu naifuta mbio: ukiikubalia inasoma skrini yako na kubonyeza kwa niaba yako. Na yale maneno 12 ya pochi (mengine huwa 24), yeyote anayekuomba uyaandike ili "kuthibitisha" anaomba pesa zenyewe. Mwenye maneno hayo anaifungua pochi yako kwenye simu yake, popote alipo, bila kukugusa.

Mwalimu aliniomba nipige picha lile salio kabla sijafuta. Sikumuuliza ya nini. Nikapiga, nikafuta, nikambadilishia na nywila. Juzi kapita na baiskeli yake, kaniambia betri sasa inafika isha.