Nyembe 63, Uso Mmoja

Harufu ndiyo iliyonishtua kwanza. Nilivuta droo ya tatu ya kabati ninamohifadhi nyembe zangu za kukunja, droo ambayo nilikuwa sijaifungua kwa muda wa miezi minane hivi, nikapokewa na ukali wa siki uliochanganyika na kafuri. Mpini mmoja wa rangi ya gamba la kasa ulikuwa umepasukapasuka kama tope lililokauka juani, na wembe uliokuwa umekunjwa ndani yake ulikuwa umeliwa na kutu nyeusi kuanzia kisigino hadi ncha. Hasara ya wembe huo ningeivumilia. Kilichoniuma ni kwamba nyembe nyingine 6 zilizolala jirani nao, zenye mipini mizima kabisa, nazo zilikuwa zimeanza kuota madoa.

Seluloidi ni plastiki ya kale, iliyoanza kuenea katika miaka ya 1870, na hutengenezwa kwa selulosi iliyotiwa asidi ya naitriki pamoja na kafuri. Ikizeeka, hasa ikifungiwa mahali pasipo na hewa, huanza kujila yenyewe: hutoa gesi ambazo zikikutana na unyevu hugeuka tena kuwa asidi, na asidi hiyo hushambulia chuma chochote kilicho karibu. Ndiyo maana mpini mmoja mgonjwa huweza kuiangamiza droo nzima. Haya yote nilikuwa nikiyajua, tena nimewahi kuwaonya wenzangu zaidi ya mara moja kwamba mipini ile angavu ya kuiga gamba la kasa ndiyo ya kuogopwa kuliko yote. Lakini ni nani anayepata muda wa kukagua nyembe zisizohesabika?

Basi jioni hiyo nilizihesabu, na safari hii sikuruka zile zilizofichwa kwenye makasha ya viatu. Zilikuwa nyembe 63, mikanda ya ngozi ya kurudishia makali 8, mawe ya kunolea 14, brashi 22 na sabuni 37. Uso ni mmoja, na ndevu zake, nikisema ukweli, si nyingi za kustahili jeshi kama hilo.

Kuelekea wingi huo sikukimbia, nilitambaa. Wembe wangu wa kwanza ulinikwaruza, nikaamini kwamba tatizo ni wembe, nikatafuta wa pili. Wa pili nao uliposhindwa kuniridhisha, nikatafuta wa tatu, mpana zaidi, uliosifiwa zaidi. Nyembe kuukuu hazikosekani duniani, kwa kuwa tangu King C. Gillette alipoanza kuuza mashine yake ya kunyolea yenye wembe wa kubadilishwa mwaka 1903, wanaume wengi waliziweka za kukunja masandukuni na hawakuzirudia, nazo zimekuwa zikijitokeza kidogo kidogo katika mirathi na minada. Kila niliyemwona akiuza wembe uliotelekezwa wa Solingen, Ujerumani, au Sheffield, Uingereza, nilijiona kama ninamwokoa yatima. Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Hawakusema apewe mara 63.

Nilitandika shuka nyeupe kitandani, nikazipanga zote zikiwa wazi, nikachukua kioo cha kukuzia. Awamu ya kwanza haikuwa na huzuni. Wembe wenye ufa makalini, hata uwe mdogo kama unywele, haunoleki, kwa sababu ufa huo huendelea kutambaa kuelekea mgongoni kila chuma kinapopunguzwa. Zilizokuwa na ufa zilikuwa 3, na 2 kati yake nilikuwa nimezihifadhi vizuri katika vikasha vya mahameli bila kujua. Kwenye zile jirani za mpini uliooza, 4 zilisafika kwa dawa ya kung'arisha chuma na kitambaa laini, ila 2 zilikuwa zimekwisha kuchimbwa vishimo hadi ukingoni, na makali hayawezi kusimama juu ya vishimo.

Zilizonipa kazi ya kufikiri ni zile zilizochakaa migongo. Asiyezoea wembe wa kukunja hudhani kwamba makali ndiyo kila kitu, kumbe mgongo ndio unaoyatawala. Wembe hunolewa ukiwa umelazwa bapa kabisa juu ya jiwe, mgongo na makali vikigusa kwa pamoja, hivyo unene wa mgongo ukilinganishwa na upana wa wembe ndio unaopanga pembe ya makali, ambayo kwa nyembe nyingi huwa karibu nyuzi 16 hadi 18. Mtengenezaji ameshaipima pembe hiyo kwa niaba yako. Unachotakiwa kufanya ni kutoiharibu. Lakini mwenye pupa akiusugua wembe kwa nguvu kwa miaka mingi, mgongo hulika, pembe hupungua, na hatimaye makali huwa membamba kiasi cha kujikunja yanapokutana na kidevu. Nyembe 8 zilikuwa na migongo iliyotambaa bapa kama rula. Ninakiri kwamba katika hizo 8, angalau 3 nilizichakaza mimi mwenyewe katika mwaka wangu wa kwanza, kabla sijajifunza kubandika utepe mgongoni na kuuacha uzito wa wembe ufanye kazi.

Pamoja na ule uliooza mpini, jumla ya kundi hilo ilikuwa 14, na zote ziliondoka. Ule mpini wa seluloidi niliuondoa peke yake na kuuweka mbali na moto, maana kitu hicho hushika moto upesi kupita karatasi. Nyembe zenyewe nilizifunga kwa karatasi ngumu na utepe wa gundi, nikaandika juu yake kwamba ndani mna makali, kwa sababu anayebeba taka hana kosa lolote la kukatwa vidole kwa ajili ya tamaa yangu.

Kundi la pili lilikuwa na nyembe 21, nami nililiita kundi la “siku moja”. Siku moja nitaubadilisha huu mpini. Siku moja nitauondoa huu mkwaruzo. Siku moja nitaunoa huu. Nilijaribu kufanya hesabu. Kuurudisha wembe uliopuuzwa, kuanzia jiwe la namba 1000 hadi la 12000 (namba ikipanda, jiwe huwa laini zaidi), hunichukua jioni mbili, na kuubadilisha mpini, yaani kutoboa ribiti za zamani, vile vipini vya chuma vinavyoushika mpini, kuchonga vipande viwili vipya na kuvigongomea upya bila kuvipasua, hunichukua wiki. Kwa mwendo wangu wa kawaida, nilikuwa nimejilimbikizia kazi ya miaka kadhaa na kuipa jina la mkusanyiko. Mwenzangu mmoja anayependa kukarabati kuliko kunyoa alizichukua zote 21 kwa mkupuo, na furaha iliyokuwa usoni mwake ilinidhihirishia kwamba zilikuwa zimekaa kwa mtu asiyestahili.

Zikabaki 28, na hapo ndipo penye utamu, na ndipo nilipodanganyika zaidi.

Kulikuwa na wembe mmoja ambao kwa miaka nilikuwa nikiwaambia watu kuwa ni wa kabla ya mwaka 1890, kwa hoja ya kwamba haukupigwa mhuri wa jina la nchi. Hoja hiyo ina mzizi wa kweli: sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890, ile ya McKinley, ilitaka bidhaa zinazoingia nchini humo zioneshe nchi zilikotoka, na tangu hapo nyembe nyingi zikaanza kuandikwa “Germany” au “England” shingoni. Lakini wembe ambao haukukusudiwa kwenda Marekani haukuwa na sababu ya kuandikwa hivyo, hata ukiwa umetengenezwa miaka ishirini baadaye. Niliuhifadhi miaka yote hiyo kwa sifa ambayo huenda haukuwahi kuwa nayo, na sikuwa nimeunyolea hata mara moja.

Mwingine ulikuwa na mpini mweupe niliouogopa kuuangalia kwa karibu, nikihofia kwamba ni pembe ya ndovu. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ilipigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa uamuzi wa mwaka 1989, na kuuvusha mpakani mpini wa namna hiyo, hata uwe wa karne mbili zilizopita, bila kibali ni kujitafutia kesi. Chini ya kioo niliona vitone na vistari vidogo vyeusi, alama za mishipa ya damu iliyowahi kupita ndani ya mfupa, badala ya mistari inayopishana kama wavu ambayo huonekana kwenye pembe ya ndovu iliyokatwa. Ulikuwa mfupa wa kawaida. Nilishusha pumzi, kisha nikacheka, kwani nilikuwa nimeubania wembe huo kwa heshima ya hatari yake.

Baada ya hapo nikaacha historia, nikauuliza uso. Kwa majuma kadhaa nilinyoa kila asubuhi kwa wembe mmoja kati ya zile zilizobaki, nikaandika maneno machache tu kila nilipomaliza. Kabari nzito za Sheffield, zile ambazo ubavu wake karibu ni bapa tangu mgongoni hadi makalini, zilipita kwenye ndevu ndefu bila kuhangaika, ila chini ya pua zilinizibia njia, na kuzinoa ni adhabu kwa kuwa jiwe hugusa chuma kingi mno. Nyembe pana za inchi 7/8 zilibeba povu vizuri, lakini kwenye kona ya taya sikuweza kuona ncha yake iliko. Zile za Solingen zilizochongwa ubavu hadi zikawa nyembamba kama jani hulia zinapokata. Ni mlio mdogo, kama mtu anayesugua karatasi kwa kucha, na mlio huo hukuambia upesi pale pembe ya mkono inapokosewa. Uso wangu, baada ya miaka yote ya kutafuta makubwa, ulichagua inchi 5/8 na 6/8, yaani milimita 16 na 19, ambazo ndizo nyembe za kawaida kabisa.

Nilikuwa pia na seti pungufu ya wiki, nyembe 5 kati ya 7, kila mmoja ukiwa umechorwa jina la siku mgongoni. Seti hizo ziliuzwa zamani kwa imani kwamba chuma huchoka na kinahitaji kupumzika kati ya kunyoa na kunyoa. Imani nzuri kwa muuzaji! Chuma hakipumziki, kinachokirudisha ni mkanda, na kinachokichosha ni ndevu zenyewe. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walionyesha kwa hadubini jinsi unywele, ambao ni laini kuliko chuma mara nyingi, unavyoweza kumega makali pale unapojipinda mbele yake na kukisukuma chuma kutoka ubavuni. Seti hiyo niliiuza ikiwa na upungufu wake, nikautaja wazi.

Nilizibakiza 4. Tatu ni za Solingen, 2 za inchi 5/8 na moja ya 6/8, na moja ni kabari ya Sheffield ambayo sitaki kuitetea. Naipenda tu.

Kuhusu mawe sikuwa na huruma. Mtu mwenye mawe 14 amekuwa akinunua matumaini: kila jiwe humwahidi kumfanyia kile ambacho kiganja chake hakijajifunza. Nimeacha la namba 1000 kwa ajili ya dharura, la 8000, la 12000, na kipande cha jiwe la manjano la coticule kutoka milima ya Ardennes nchini Ubelgiji, ambalo lina chembe za garneti na hunoa taratibu kwa namna inayomfaa mtu asiye na haraka. Mikanda imebaki 2. Brashi zimebaki 3, moja ya nywele za nguruwe na mbili za sintetiki, ambazo hukauka upesi. Kuhusu sabuni, kipande kimoja hunifikisha karibu miezi minne, kwa hiyo 37 zingenichukua zaidi ya miaka kumi na miwili, ilhali manukato ya baadhi yake yalikuwa yameshakufa. Niligawa 30 na nitazimaliza hizi 7 kwanza.

Wembe mmoja niliupeleka kwa kijana wa rafiki yangu, pamoja na mkanda, ukiwa umenolewa tayari kwa kunyolea. Nilimsihi asinunue jiwe wala wembe wa pili mpaka aje aniambie huo umemshinda wapi. Ni ushauri ambao mimi mwenyewe sikuupata, au pengine niliupata nikaupuuza.

Tangu hapo nimekuwa nikinyolea ule mmoja wa inchi 5/8, asubuhi baada ya asubuhi, bila kubadilisha. Katika siku ya arobaini na kitu ulianza kuvuta chini ya taya ya kushoto, kidogo tu, na mlio wake ukawa mzito. Nilisimama na povu usoni nikishangaa, kwa sababu katika miaka tisa sikuwa nimewahi kuutumia wembe hadi makali yake yafifie. Kabla haujafika hapo, mkono ulikuwa umeshauendea mwingine. Jioni niliulowesha ubapa wa jiwe la 12000, nikaupitisha wembe mara kumi na tano kila upande, kisha mara sitini kwenye ngozi. Asubuhi iliyofuata ulilia vizuri.